Pumu ya Mtoto: Ya Ukoo au ya Jikoni?

Ndugu msomaji, leo nitaanza kwa kukueleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

Usiku mmoja mama mmoja aligonga mlango wangu. Mgongoni alikuwa amembeba mtoto wa kiume wa miaka minne. Mtoto alikuwa anapumua kwa shida. Kila alipovuta hewa mbavu zake zilibonyea, na kifua kilikuwa kikilia kama filimbi. Nilimpa dawa ya kuvuta. Baada ya nusu saa alipata nafuu.

Bibi wa mtoto alikuwa amefuatana nao. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniambia, "Mjukuu wangu, usihangaike sana. Pumu hii ni ya ukoo wetu. Babu yake alikuwa nayo, na baba yake anayo."

Mimi ni kijana, na sikutaka kubishana na mzee. Tena niliona anasema kweli, maana hata chuoni tulifundishwa kwamba pumu hufuata ukoo. Nikamwambia mama wa mtoto, "Ni kweli, dada. Huu ni ugonjwa wa kurithi. Akibanwa tena mlete." Sikuuliza swali jingine lolote.

Mama alinielewa kwamba hakuna la kufanya. Wiki sita baadaye mtoto aliletwa tena, safari hii kwa pikipiki. Midomo yake imekuwa ya kijivu, na hakuweza kusema hata maneno mawili bila kukata pumzi. Tulimkimbiza kituo cha afya, akapewa oksijeni. Namshukuru Mungu, alipona.

Baada ya siku chache nilikwenda nyumbani kwao kumtazama. Huku kwetu ni milimani, na baridi ni kali. Niliuliza mtoto analala wapi. Nikaonyeshwa jiko. Alikuwa analala na bibi yake karibu na mafiga, na moto hauzimwi usiku kucha. Dirisha hakuna. Ukuta umekuwa mweusi kama lami. Nikauliza, je, baba yake alilala wapi alipokuwa mdogo? Bibi akacheka, akasema, "Hapahapa." Na babu yake? Naye alikulia katika jiko la namna hiyohiyo.

Nilirudi zahanati nikiwa na swali kichwani. Je, watu wa ukoo ule walirithishana pumu, au walirithishana jiko?

Swali hili si langu peke yangu. Wataalamu wa nchi nyingi wamelihangaikia kwa miaka mingi. Leo tutasoma jinsi wanavyotafuta jibu lake, yaani kwa kusoma alama zilizomo ndani ya mwili wa mtoto.

PUMU NI NINI?

Hewa tunayovuta hupita katika mirija iliyomo kifuani. Mirija hiyo hugawanyika kama matawi ya mti, mpaka inakuwa myembamba sana. Kwa mtu mwenye pumu, mirija hii ni myepesi kukasirika. Ikichokozwa na moshi, vumbi, baridi au mafua, misuli inayoizunguka hukaza. Ngozi yake ya ndani huvimba. Makamasi mazito huongezeka. Njia ya hewa inakuwa nyembamba, na mtoto anabanwa.

Pumu haiambukizi. Mtoto mwenye pumu anaweza kula, kulala na kucheza na wenzake bila kuwapa ugonjwa huo.

Lakini kwa nini mtoto huyu anabanwa, na yule wa jirani habanwi? Hapo ndipo penye kazi.

ALAMA ZA MWILINI

Unapokuja zahanati na homa, sikuambii una malaria kwa kukutazama usoni. Nakuchoma kidole, natoa tone la damu, naliweka kwenye kipimo. Kipimo kile cha haraka hakimwoni mdudu wa malaria mwenyewe. Kinatafuta kitu ambacho mdudu huyo hukiacha katika damu. Ni kama mfugaji anayeamka asubuhi na kuona nyayo za fisi karibu na zizi. Fisi hakumwona, lakini anajua amepita.

Nyayo za namna hiyo ndani ya mwili wataalamu huziita bayomaka. Sisi tuziite alama za mwilini. Alama ya mwilini ni kitu kinachoweza kupimwa katika damu, mkojo, pumzi au mate, nacho hutuonyesha jambo ambalo macho hayalioni.

Kwa nini wasiulize tu wazazi? Huuliza, na ni lazima waulize. Lakini maneno ya watu yana matatizo yake. Mama hakumbuki mafua ya miaka mitatu iliyopita. Baba anasema, "Mimi sivuti sigara karibu na mtoto," na huenda anaamini hivyo kweli. Na huku kwetu ziko nyumba ambazo neno pumu halitamkwi kabisa, kwa sababu wanaogopa binti hataolewa. Watasema ni kifua tu, ni baridi tu. Nimeyasikia haya mara nyingi. Damu na mkojo havina aibu.

Nitakutajia alama chache zinazotumika katika uchunguzi wa pumu.

Katika damu kuna chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili. Ziko za aina kadhaa. Aina moja huitwa eosinofili. Ilipewa jina hilo kwa sababu hukolea rangi nyekundu iitwayo eosini, ambayo mpimaji huitia kwenye damu kabla ya kuitazama kwa hadubini. Askari hawa huongezeka kwa watu wenye pumu ya mzio. Mzio ni pale mwili unapokipiga vita kitu ambacho si adui, kama vile vumbi la nyumbani, manyoya ya paka au unga wa maua. Ikiwa mtoto mdogo analia kifua mara kwa mara, na katika chembe nyeupe 100 eosinofili zinafika 4 au zaidi, basi hiyo ni mojawapo ya ishara kwamba anaweza kuwa na pumu atakapokua. Ishara hiyo peke yake haitoshi.

Pia kuna kingamwili aina ya E. Kingamwili ni silaha ambazo mwili hutengeneza dhidi ya kitu kimoja maalumu. Aina hii ya E ilitambuliwa mwaka 1966 na Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko, Wajapani waliokuwa wakifanya kazi Denver, Marekani. Mwaka uliofuata watafiti wa Sweden nao waliipata. Siku hizi damu ya mtoto inaweza kuonyesha kama mwili wake una silaha hizo dhidi ya vumbi, au dhidi ya mende, au dhidi ya paka.

Alama nyingine imo katika pumzi. Mwaka 1991 watafiti wa Sweden waligundua kwamba hewa tunayoitoa ina gesi kidogo sana iitwayo oksidi ya nitriki. Mwaka 1993 wengine wa nchi hiyohiyo wakaonyesha kwamba watu wenye pumu hutoa gesi hiyo kwa wingi zaidi. Mirija iliyovimba ndiyo inayoitoa. Mtoto hupuliza polepole kwenye mashine, na mashine husoma. Ikisoma chini ya 20, uvimbe wa mzio ni mdogo. Ikizidi 35 kwa mtoto, uvimbe huo ni mkubwa. Hakuna sindano wala maumivu, kwa hiyo watoto hawaikimbii.

Na katika mkojo kuna kotinini. Mtu anayevuta moshi wa tumbaku, hata kama ni wa mwenzake, mwili wake hugeuza nikotini ya tumbaku kuwa kotinini, na sehemu yake hutoka kwa mkojo. Mkojo wa mtoto unaweza kukuambia kama siku mbili tatu zilizopita alikaa na mvutaji. Baba aliyesema havuti karibu na mtoto hapo hushikwa. Lakini angalia: kotinini huonyesha tumbaku tu. Moshi wa kuni hauonyeshi. Kwa moshi wa kuni watafiti hupima gesi ya kaboni monoksidi katika pumzi, au humvalisha mtoto kifaa kidogo kinachopima hewa aliyomo.

Vipimo hivi, isipokuwa kuhesabu chembe za damu, hutavikuta katika zahanati zetu. Mimi sina hata kimoja. Lakini yaliyopatikana kwa vipimo hivi yanatuhusu.

KOO MBILI ZA WAKULIMA

Sasa turudi kwenye swali letu. Utawezaje kujua kama jambo linatoka kwenye mbegu au kwenye udongo? Mkulima anajua. Chukua mbegu moja, ipande katika mashamba mawili tofauti. Mahindi yakitofautiana, basi sababu ni shamba.

Watoto hatuwezi kuwapanda hivyo. Lakini huko Marekani kulikuwa na jambo lililokaribia kufanana na hilo.

Kuna watu waitwao Waamish, na wengine waitwao Wahutterite. Wote ni Wakristo na ni wakulima. Mababu wa Waamish walitoka Uswisi, na mababu wa Wahutterite walitoka Tirol ya Kusini, nchi ya milima isiyo mbali na Uswisi. Walihamia Marekani katika miaka ya 1700 na 1800. Wataalamu waliposoma mbegu zao za urithi waliona kwamba zinakaribiana sana. Maisha yao nayo yanafanana kwa mengi. Wote huzaa watoto wengi. Wote hunyonyesha kwa muda mrefu. Chakula chao kinafanana, na hunywa maziwa mabichi. Moshi wa sigara ni haba katika nyumba zao. Hawafugi paka wala mbwa ndani ya nyumba.

Hata hivyo, katika kila watoto 100 wa shule wa Waamish, wenye pumu ni kama 5. Kwa Wahutterite ni kama 21. Tofauti hiyo ni kubwa mno.

Shamba lao ndilo linalotofautiana. Waamish walioko katika jimbo la Indiana kila familia ina shamba lake na ng'ombe wake wa maziwa. Hutumia farasi kwa kulima na kwa safari. Zizi liko karibu na nyumba, na watoto huingia humo tangu wakiwa wadogo. Wahutterite walioko South Dakota huishi kwa ujima. Mali ni ya wote, shamba ni moja kubwa, na kazi hufanywa kwa mashine. Mifugo yao iko mbali na makazi, na watoto wadogo hawaifikii. (Wazee mnaokumbuka vijiji vya ujamaa msije mkasema ujamaa ndio ulioleta pumu. Ninalosema hapa ni umbali wa zizi.)

Mwishoni mwa mwaka 2012 watafiti waliwaendea watoto 30 wa Waamish na 30 wa Wahutterite, wenye umri wa miaka 7 hadi 14. Walitoa damu yao. Walikusanya vumbi la nyumba zao. Matokeo yalitolewa mwaka 2016.

Damu ilisema nini? Watoto wa Wahutterite walikuwa na eosinofili nyingi zaidi, wale askari wa mzio. Watoto wa Waamish walikuwa nazo kidogo, na badala yake walikuwa na wingi wa chembe za aina nyingine, nutrofili, ambazo kazi yake hasa ni kupambana na bakteria. Watoto wa Wahutterite waliokuwa na kingamwili E nyingi dhidi ya vitu vya kawaida walikuwa 10, na wa Waamish 5. Katika wale 30 wa Waamish hakuna hata mmoja aliyekuwa na pumu. Katika wale 30 wa Wahutterite walikuwamo 6.

Vumbi nalo lilisema. Bakteria wengi wana kitu katika ganda lao kiitwacho endotoksini. Kikipatikana kwa wingi, ujue bakteria wamekuwapo kwa wingi, hasa wale wa samadi na mazizi. Katika vumbi la nyumba za Waamish endotoksini ilikuwa karibu mara 7 ya ile ya nyumba za Wahutterite. Watafiti walisema nyumba za Waamish si chafu. Ng'ombe tu wako jirani.

Kisha wakafanya jambo la kunifurahisha sana. Walichukua vumbi lile, wakalichanganya na maji, wakawatia panya wa maabara puani kwa wiki kadhaa. Panya hao walikuwa wakifanywa wapate ugonjwa unaofanana na pumu. Waliotiwa vumbi la Waamish walikingika. Waliotiwa vumbi la Wahutterite hawakukingika. Panya wengine walikuwa wameondolewa mbegu fulani za urithi zinazouwezesha mwili kuwatambua bakteria. Kwa hao, hata vumbi la Waamish halikusaidia kitu.

Tafakari hapo, msomaji. Vumbi lilikinga, lakini mwili usio na mbegu ya kulitambua vumbi haukufaidika. Mbegu na udongo hufanya kazi pamoja.

Watoto 60 ni wachache, na damu yao ilipimwa mara moja tu. Kwa hiyo usichukulie kwamba jambo limekwisha. Lakini uchunguzi mwingine wa watoto wa mashambani huko Ulaya umeelekea upande huohuo.

MBEGU YENYEWE

Bibi yule hakukosea aliposema ukoo. Mzazi mwenye pumu ana nafasi kubwa zaidi ya kupata mtoto mwenye pumu. Mbegu za urithi, ambazo siku hizi huitwa jeni au vinasaba, zimo katika nyuzi ndogo sana ndani ya mwili ziitwazo kromosomu. Binadamu ana jozi 23. Mwaka 2007 watafiti walitangaza kwamba sehemu moja ya kromosomu ya 17 inahusiana na pumu ya watoto. Tangu hapo zimegunduliwa nyingine nyingi. Hakuna mbegu moja ya pumu. Ziko nyingi, na kila moja huongeza kidogo.

Mwaka 2008 watafiti wa Ufaransa walichunguza familia 372 kuhusu sehemu hiyo ya kromosomu ya 17. Waligundua kwamba huhusika na pumu inayoanza mapema utotoni. Na kwa watoto waliovutishwa moshi wa tumbaku wakiwa wachanga, hatari ya mbegu hiyo ilikuwa kubwa zaidi kuliko kwa watoto ambao hawakuvutishwa.

Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka yule mtoto wa usiku. Mimi nilimwambia mama yake kwamba ni ya ukoo, kana kwamba ukoo unafunga mazungumzo. Kumbe mtoto ambaye ukoo wake una pumu ndiye hasa anayestahili kuondolewa kwenye moshi mapema. Mbegu yake ni kama nyasi kavu. Usizisogeze karibu na moto.

MINYOO HUVURUGA HESABU

Kuna jambo la kwetu ambalo Ulaya na Marekani hawana kwa wingi. Ni minyoo.

Zile eosinofili na kingamwili E ndizo silaha ambazo mwili hutumia dhidi ya minyoo pia. Mtoto wa kijijini mwenye minyoo ya tumbo au kichocho anaweza kuwa nazo nyingi mno, na kifua chake ni kizima kabisa. Mtu akija na kipimo kutoka mbali, akasoma damu ya watoto wetu bila kujua habari ya minyoo, atasema kijiji kizima kina mzio. Nyayo ni za kweli, ila si za fisi. Ni za mbwa. Ndiyo sababu mtafiti mzuri hupima na choo na mkojo, na hutafuta kingamwili E dhidi ya kitu kimoja kimoja badala ya kuzihesabu zote pamoja.

Tena minyoo hufanya jambo la ajabu. Nchini Gabon, karibu na mji wa Lambaréné, watoto wa shule 520 walichunguzwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2000. Waliokuwa na kichocho cha mkojo ngozi zao hazikuchokozwa sana na utitiri wa vumbi, yaani vile vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho vinavyoishi katika magodoro. Katika damu yao kulikuwa na alama inayotuliza ugomvi wa askari wa mwili, iitwayo intalukini 10. Minyoo huutuliza mwili ili yenyewe isifukuzwe.

Najua kuna atakayesema, "Basi tusimeze dawa za minyoo." Hapana! Kichocho huharibu kibofu na figo. Minyoo hunyonya damu na kudumaza watoto. Hakuna mganga atakayekushauri ufuge ugonjwa mmoja ili ukwepe mwingine. Siku ya dawa shuleni, mpeleke mtoto.

TUFANYE NINI HUKU KWETU?

Huko Kenya, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 1998, watoto wa shule wa Nairobi na wa Murang'a mashambani walikimbizwa, kisha pumzi zao zikapimwa. Waliobanwa baada ya kukimbia walikuwa kama 23 kati ya 100 mjini, na kama 13 mashambani. Kwa hiyo shamba lina heri yake. Lakini 13 si wachache. Shule yenye watoto 400 ingekuwa nao zaidi ya 50.

Sisi tunao ng'ombe jirani kama Waamish. Lakini tuna kitu ambacho wao hawana: moshi wa kuni ndani ya chumba cha kulala. Usichanganye mambo haya mawili. Vumbi la zizi ambalo mtoto mzima huzaliwa akilizoea ni jambo moja. Moshi ni jambo jingine, nao haukingi kitu. Huchokoza mirija ya hewa, humzidishia pumu aliye nayo, na huleta ugonjwa wa mapafu kwa wachanga. Wala usimpeleke mtoto ambaye tayari ana pumu kwenye zizi au ghala ukidhani ni dawa. Vumbi litambana tu.

Jambo la kwanza ni mahali pa kulala. Mhamishe mtoto kutoka jikoni. Kama nyumba ni moja, toboa dirisha juu ya ukuta upande ambao moshi huelekea, na lingine mkabala wake. Kausha kuni kabla ya kuziwasha. Koroboi nayo hutoa moshi mwingi. Kama unaweza kupata taa ya jua, ni afadhali. Mvuta tumbaku atoke nje kabisa. Kusimama mlangoni hakutoshi.

Jambo la pili ni dawa. Ziko za aina mbili. Moja hufungua kifua wakati wa kubanwa. Nyingine huzuia uvimbe wa mirija, nayo huvutwa kila siku hata kama mtoto anaonekana mzima. Wazazi wengi huiacha hii ya pili wakidhani mtoto amepona, au wakiogopa kwamba ataizoea kama mlevi anavyozoea pombe. Haimfanyi hivyo. Mtoto mdogo hawezi kuvuta dawa moja kwa moja kutoka kwenye pampu, kwa hiyo hutumia chombo cha katikati. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa tako lake ili pampu ichomekwe humo, inafanya kazi kama chombo cha dukani. Njoo zahanati nikuonyeshe. Usitoboe ovyo, maana tundu likiwa kubwa dawa itatoka nje.

Usingoje asubuhi ikiwa mbavu za mtoto zinabonyea, au hawezi kusema au kunyonya, au midomo imebadilika rangi, au dawa ya kufungua kifua haikumsaidia. Mlete hata kama ni saa nane za usiku. Mlango wangu unaujua.

Yule mtoto sasa ana miaka sita. Analala katika chumba cha mbele na kaka yake. Mvua zilizopita alibanwa mara mbili tu, naye anavuta dawa yake mwenyewe kwa chupa. Hajapona, kwa maana mbegu bado anayo. Bibi yake bado analala jikoni, na kila tukikutana hunitania kwamba nimemnyang'anya mjukuu wa kumpasha joto. Nami nimemwomba mjomba wa mtoto atoboe dirisha la jiko kabla ya baridi ya Juni.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

Kipimo cha haraka cha malaria hutafuta nini katika damu? Kwa nini mtoto mwenye minyoo anaweza kuonekana ana mzio kwenye kipimo cha damu? Kwa nini watafiti walichagua Waamish na Wahutterite, na si watu wawili wowote wasiofanana? Mwisho, kila mmoja ahesabu: katika nyumba kumi zilizo karibu nawe, watoto wangapi hulala jikoni? Andikeni idadi hiyo kwenye daftari la kikundi, mniletee zahanati.